Mafuta ya mgando na maandazi ya watoto: niache?

Mama Maandazi, Tanga
Habari zenu wapendwa. Nakaanga maandazi ya kuuza, na wateja wangu wengi ni watoto wa shule. Natumia mafuta ya mgando, nanunua ya kupima kwa kilo. Andazi linatoka kavu, halichuruziki mkononi, na hata jioni bado linauzika. Juzi mwalimu mmoja kaniambia kila mafuta yanayoganda yana transi, aina ya mafuta mabaya, na yanaua moyo. Alizeti bei yake naijua, lakini siwezi kuwalisha watoto wa watu kitu kibaya huku nimeshaambiwa. Nisaidieni.

Bwana Lishe
Dada, kuganda peke yake si ushahidi. Mawese na nazi huganda yenyewe. Hayo nayo si ya kujimwagia, ila si transi. Transi ya kiwandani hutokea mafuta ya maji yanapotiwa gesi ya haidrojeni ili yawe magumu, kisha kazi ikaishia njiani. Ikikamilishwa, transi karibu yote huisha. Kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe ndoo yenyewe. Ukikuta maneno "partially hydrogenated", yaani yametiwa haidrojeni nusunusu, usinunue hata kama ni bei ya bure. Mafuta hayo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, na wakati huohuo hushusha ile nzuri. Denmark iliiwekea transi ya kiwandani kikomo mwaka 2003, gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta, na Shirika la Afya Duniani linazitaka nchi zote zifike hapo au ziyapige marufuku kabisa mafuta hayo ya haidrojeni nusunusu.

Kijana wa Chipsi
Na sisi tunaorudia mafuta karaini? Nasikia yanageuka transi.

Bwana Lishe
Transi inaongezeka kidogo tu. Lakini mafuta yakishakuwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi, yana sumu nyingine. Mwaga, ndugu yangu, na usiyachanganye na mapya.

Mama Maandazi, Tanga
Nimeiona ndoo dukani: imeandikwa palm olein na palm stearin, yaani mawese, basi. Lile neno "partially hydrogenated" nimelikuta nyumbani, kwenye kopo la majarini ninayokandia unga! Hakuna aliyeniuliza habari za majarini.

Bibi wa Pangani
Mwanangu, majarini ya nini na nazi zipo? Kandia tui, weka na hiliki. Tui la kwanza, si la pili, andazi litavimba na kulainika.

Mama Maandazi, Tanga
Shikamoo bibi, ahsante. Kesho nakuna nazi.