Arrays.binarySearch inanipa -3: nitapataje mstari sahihi wa jedwali?

Muulizaji:
Wakuu, naomba msaada. Naandika klasi ya Java, JedwaliLaViwango. Ndani yake kuna safu ya mipaka ya uzito kwa kilo: 0, 5, 20, 50, na kila mpaka una kiwango chake. Mzigo wa kilo 12 uangukie mstari wenye mpaka wa 5, maana 20 haujafika. Natumia Arrays.binarySearch, njia ya Java ya kutafuta thamani kwenye safu iliyopangwa. Nikitafuta 20 napata 2, sawa kabisa, maana nafasi zinahesabiwa kuanzia 0. Nikitafuta 12 napata -3. Inatoka wapi? Na utafutaji ukae humu au kwenye klasi ya pembeni?

Jibu la 1:
Hiyo si hitilafu. Thamani isipokuwepo, unapewa nafasi ambayo ingechomekwa, ikageuzwa kuwa hasi, kisha ikapunguzwa moja. 12 ingekaa nafasi ya 2, ndiyo maana -3. Mstari unaoutaka uko nyuma ya hapo, nafasi ya 1.

Jibu la 2:
Mwenzangu hapo juu amesema kweli, ila usiache hesabu hiyo isambae kwa kila anayeliita jedwali. Iweke humo humo ndani ya klasi. Jedwali ndilo linalojua kwamba mipaka yake imepangwa, na utafutaji huu hauna maana yoyote bila mpangilio huo. Kwa hiyo konstrakta (sehemu inayounda kitu cha klasi) inakili safu, inaipanga pamoja na viwango vyake, inakataa mipaka inayojirudia, na safu inabaki `private final`, yaani haionekani nje ya klasi wala haibadilishwi na safu nyingine. Ukiitoa nje kwa `getMipaka()` bila kuinakili, mtu atabadilisha namba moja na utapata majibu ya uongo bila onyo lolote. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko programu kuanguka.

Mimi huandika hivi:

```
int chini = 0, juu = mipaka.length;
while (chini < juu) {
  int kati = chini + (juu - chini) / 2;
  if (mipaka[kati] <= uzito) chini = kati + 1;
  else juu = kati;
}
return chini - 1;
```

Fuatisha 12: kati ni 2, pale pana 20, imezidi, juu inakuwa 2. Kati sasa ni 1, pana 5, haijazidi, chini inakuwa 2. Kitanzi kinaisha, unarudishiwa 1.

Usiandike `(chini + juu) / 2`. Safu ikipita vipengele bilioni moja hivi, jumla inaweza kufurika (kupita kikomo cha namba ya `int`) na kuwa hasi. Joshua Bloch, mmoja wa walioandika maktaba za Java, alieleza mwaka 2006 kwamba kasoro hiyo ilikuwa ndani ya maktaba ya Java yenyewe.

Muulizaji:
Nimeelewa, asante sana mkuu. Je, TreeMap, ile ramani ya Java inayopanga funguo zake yenyewe, haitoshi?

Jibu la 2:
Inatosha, `floorEntry(12)` itakupa mstari wa 5 moja kwa moja. Ichague kama mistari inaongezwa na kufutwa programu ikiendelea kukimbia. Jedwali lisilobadilika, safu inatosha na inakula kumbukumbu kidogo. Vyovyote utakavyochagua, jaribu -1 pia: safu itakupa -1, TreeMap itakupa `null` (yaani hakuna kitu), na klasi yako inapaswa kutupa kosa lenye maelezo yanayoeleweka.