Folda ya malipo ya wakulima haifunguki baada ya Windows kuwekwa upya

Karani wa Tandahimba
Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Chama chetu cha msingi huku Tandahimba huhifadhi majedwali ya malipo ya korosho katika kompyuta yenye Windows 10 Pro, na karani aliyenitangulia aliifunga folda hiyo kwa usimbaji fiche uliomo ndani ya Windows yenyewe, yaani EFS. Kompyuta ilipoanza kuzimika ovyo, ilipelekwa kwa fundi ambaye alipiga Windows upya katika diski C, akaiacha diski D yenye folda yetu bila kuigusa. Akaunti mpya ina jina lilelile na nywila ileile, lakini kila faili ninalojaribu kulifungua hujibu kwamba sina ruhusa, ingawa majina yote yanaonekana. Minada inakaribia na wakulima wanataka kuona makato ya msimu uliopita. Je, kuna njia?

Mkazi wa Nachingwea
Ingia kwa akaunti ya msimamizi, bofya sehemu ya usalama katika sifa za folda, kisha ujifanye mmiliki wake. Mafaili yatafunguka.

Fundi wa Ligula
Kwa heshima zote, ndugu wa Nachingwea, ushauri huo unatibu ugonjwa mwingine. Kubadilisha hati ya nyumba hakumpi mtu ufunguo wa kasiki iliyomo ndani yake.

EFS hulisimba kila faili kwa ufunguo wake, kisha ufunguo huo hufungwa kwa cheti cha kidijitali cha mtumiaji, na ufunguo wa siri wa cheti hicho hukaa katika wasifu wake, yaani folda yake binafsi, ndani ya diski C, ukilindwa kwa nywila pamoja na namba ya utambulisho ya akaunti. Akaunti mpya hupewa namba mpya, kwa hiyo hata ikiitwa jina lilelile na kuwekewa nywila ileile, mbele ya Windows huyo ni mtu mwingine kabisa. Zamani, katika Windows 2000, msimamizi aliweza kufungua kwa sababu alikuwa wakala wa urejeshaji, yaani mwenye ufunguo wa akiba wa mafaili ya wengine, tangu mwanzo. Kuanzia Windows XP, kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi haina wakala huyo mpaka mtu amtengeneze mwenyewe.

Karani, mambo mawili ndiyo yataamua. Je, karani wa zamani aliwahi kuhifadhi cheti katika faili lenye mwisho wa .pfx, labda kwenye flashi? Kama hakuhifadhi, je, katika diski C kuna folda iitwayo Windows.old, yaani mabaki ya Windows ya zamani? Hadi upate majibu, usiitumie kompyuta hiyo kwa kazi nyingine yoyote.

Karani wa Tandahimba
Faili la .pfx halipo. Windows.old nimeiona, na karani wa zamani anathibitisha kwamba nywila hatujaikosea.

Fundi wa Ligula
Basi matumaini yapo, lakini Windows 10 huweza kuifuta folda hiyo yenyewe baada ya takriban siku 10, kwa hiyo inakili leo hii kwenye diski ya nje. Ndani yake fuata Users, jina la mtumiaji, AppData, Roaming, kisha Microsoft. Unazihitaji folda tatu, nazo ni Crypto, Protect na SystemCertificates, na kwa kuwa baadhi ya yaliyomo yamefichwa, ruhusu kwanza mafaili ya mfumo yaonekane. Kuzihamishia katika akaunti mpya hakutoshi, kwa sababu ya ile namba niliyoieleza. Zipo programu za kulipia, kama Advanced EFS Data Recovery ya ElcomSoft, ambazo huzisoma funguo hizo ukizipa nywila ya zamani. Diski D nayo itolewe nakala nzima kabla ya jaribio lolote.

Kama fundi angekuwa ameifomati C na kuijaza upya, nisingekushauri utoe hata shilingi.

Mhasibu, Lindi
Naongeza jambo ambalo mafundi hulisahau. EFS hulifungua faili pale mwenyewe anapoliambatisha kwenye barua pepe, hivyo majedwali yaliyotumwa chama kikuu au benki kwa ajili ya malipo yalifika huko bila kusimbwa. Muombe karani wa zamani afungue kisanduku cha barua zilizotumwa, kisha uilinganishe tarehe ya kila jedwali na tarehe ya malipo, maana nakala iliyotumwa mapema huenda haina marekebisho ya mwisho ya makato.