Maji ya migodi iliyoachwa, vijana wanaweza kupata kazi hapo?

Jamaa wa Migori: Wasee, kule Pennsylvania, Marekani, migodi ya makaa iliyoachwa hutoa maji mekundu yenye asidi, wanayasafisha kwa kuyapitisha kwa mawe ya chokaa halafu kwa mabwawa ili kutu itulie chini. Hapa kwetu mgodi wa Macalder ulifungwa kitambo, vijana wetu hawawezi kuandikwa kazi kama hiyo?

Fundi Kisumu: Wanaweza bro, lakini maji yapimwe kwanza. Mitambo hiyo haijiangalii, lazima mtu achote matope, azibue mabomba, abadilishe mawe yakishaganda kutu, na maji hutoka miaka na miaka so kazi haiishi.

Mama Awendo: Pesa ya matunzo itengwe mapema jameni! Pampu ya kwetu ilikufa juu ya kukosa fundi tu, bado inaniuma.