Oili ya giaboksi ya pikapu: tuibadilishe wenyewe au tumlipe wakala?

Mwenye Pikapu, Morogoro:
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa kina. Nina Hilux dabo kebini ya otomatiki ambayo imevuka kilomita 100,000, na sehemu kubwa ya umbali huo imekuwa ikibeba mahindi na saruji kati ya Morogoro na Ifakara. Karakana ya wakala wa Toyota imenipa makadirio ya kubadilisha oili ya giaboksi ambayo yanakaribia bei ya tairi mbili mpya, na nilipoomba mchanganuo sikupewa. Wapo wanaoniambia kwamba oili hiyo ni ya maisha yote ya gari na haiguswi. Nyumbani nina jeki, stendi za kuegemeza gari, spana na uwanja wa saruji uliosawazishwa. Je, mtu anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe bila kuiua giaboksi, au fedha ya wakala inanunua kitu ambacho mimi sikioni?

Mteja wa Wakala, Dar es Salaam:
Inanunua kitu kikubwa. Giaboksi ya gari lako haina kijiti cha kupimia oili kama zilivyokuwa za zamani. Kipimo chake hupatikana kwa kufungua kizibo kilicho chini ya sampo, yaani bakuli la oili la giaboksi, wakati injini inaunguruma na oili imefikia joto lililotajwa katika mwongozo, takribani nyuzi 40 za Selsiasi. Ikiwa baridi kuliko hapo utajaza kupita kiasi, na ikiwa moto kuliko hapo utabaki na oili pungufu huku ukidhani umekamilisha. Ikizidi hutoa povu, na ikipungua klachi za ndani huteleza na kuungua. Nitasema wazi: mtu aliyeweza kununua Hilux kisha akalalamikia gharama ya kuitunza alipaswa kununua gari jingine, na kuipeleka giaboksi ya namna hii kwa fundi wa chini ya mwarobaini ni kuitoa kafara.

Fundi, Gerezani:
Nimesoma maelezo yako kuhusu joto na kipimo, na ni sahihi. Sentensi yako ya mwisho, hata hivyo, siwezi kuipita kimya. Mimi ndiye huyo fundi wa chini ya mti, ijapokuwa mti wenyewe ni bati. Nilisoma VETA, na wenzangu niliosoma nao darasa moja ndio wanaovaa ovaroli zenye nembo katika karakana unazozisifu. Vitabu tulivyofundishiwa vilikuwa vilevile. Tofauti yetu ni kwamba mteja wangu husimama pembeni yangu na kuona kila nati ninayoifungua, wakati wewe hukaa katika chumba chenye kiyoyozi ukingoja kuletewa ankara. Nieleze, ndugu yangu, uliwahi kuiona oili iliyotoka katika gari lako?

Mteja wa Wakala, Dar es Salaam:
Sihitaji kuiona. Ninalipa ili nisihitaji kuiona. Likitokea tatizo nina karatasi yenye muhuri na mahali pa kurudi. Fundi wa mtaani akishaharibu, simu yake haipatikani.

Mtanga wa Texas:
Niruhusuni niongeze jambo kutoka huku, ambako pikapu ni gari la kila nyumba na mjadala huu hauishi. Marekani ina sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss, ambayo kwa kifupi inamkataza mtengenezaji kuifungamanisha dhamana na sharti la kutumia bidhaa au huduma yenye jina lake, isipokuwa anaitoa bure au amepewa ruhusa maalumu. Ndiyo maana jirani zangu wengi hubadilisha oili ya giaboksi wenyewe Jumamosi asubuhi, huhifadhi risiti za oili na chujio, huandika tarehe na kilomita, na dhamana yao husimama. Naona watu wa nyumbani wanatishwa na neno dhamana kuliko inavyostahili.

Mteja wa Wakala, Dar es Salaam:
Sheria ya Texas haivuki bahari. Hapa unasaini kijitabu cha dhamana, na kilichoandikwa humo ndicho kitakachosomwa siku ya mgogoro.

Mtanga wa Texas:
Sikusema inavuka bahari. Nilisema msitishike kabla ya kukisoma hicho kijitabu. Wengi wanaonieleza kwamba dhamana itakufa hawajawahi kukifungua.

Mwenye Pikapu, Morogoro:
Ndugu zangu, dhamana ya gari langu ilikwisha zamani. Naomba turudi kwenye oili.

Mhandisi, Mombasa:
Turudi, na tuanze na hili la oili ya maisha, kwa maana ndilo linaloua giaboksi nyingi pwani hii. Toyota huweka katika magari haya oili yake iitwayo WS, na watu wameufasiri ukimya wa ratiba ya matengenezo juu ya kuibadilisha kuwa ni ahadi. Mafuta yoyote yanayopata moto na kupoa kwa miaka huchoka. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake zimo katika magari mengi ya Ulaya ambayo nayo yaliuzwa yakisemwa hayabadilishwi oili, yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au ndani ya miaka 8, kama kumbukumbu yangu iko sawa. Kwa gari linalobeba saruji ningeshika namba ya chini.

La pili ni kwamba ukifungua kizibo cha kumwagia, haitoki oili yote. Sehemu kubwa hubaki ndani ya tokonveta (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya oili), katika mirija na katika kipoozeo. Tuchukue kwamba kila unapomwaga unabadilisha asilimia 40. Ukifanya mara moja, asilimia 60 ya iliyomo ni oili ya zamani. Ukiendesha kwa siku kadhaa kisha ukarudia, inabaki asilimia 36, na mara ya tatu kama asilimia 22. Mtu mwenye stendi na uwanja uliosawazishwa anaweza kuifanya kazi hii kwa utulivu kabisa, na hahitaji mashine ya kusukuma oili kwa nguvu.

Fundi, Gerezani:
Mhandisi amesema vyema, na mimi hufanya hivyo hivyo. Kwa faida ya ndugu wa Morogoro, nitaongeza mambo ambayo hayamo vichwani mwa wanaofanya kwa mara ya kwanza. Legeza kizibo cha kujazia kabla hujagusa cha kumwagia, kwa sababu kikigoma wakati oili imeshamwagika, gari haliondoki hapo ulipo. Pokea oili yote katika chombo chenye vipimo, ili urudishe kiasi kilekile kwanza kabla ya kuanza kurekebisha. Ukishajaza, washa injini, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu katika kila nafasi, kisha ndipo upime ukiwa na kifaa cha kusoma joto kutoka kompyuta ya gari. Na ukifungua sampo, tazama sumaku zilizomo: ungaunga laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, simamisha kazi hapohapo, maana oili mpya haitatibu ugonjwa huo.

Nimeyaandika haya yote bila kiyoyozi.

Dereva wa Malori, Tunduma:
Mnazungumza kana kwamba magari yote hufanya kazi Masaki. Nimepanda mlima wa Kitonga na shaba mgongoni kwa miaka mingi, na kinachomaliza oili ni joto, kilomita zinafuata nyuma. Pikapu ya otomatiki iliyojazwa saruji ikipanda mlima polepole, tokonveta yake huteleza, na kule kuteleza hugeuka joto linaloingia moja kwa moja katika oili. Magari mawili yenye kilomita sawa, moja la ofisi ya mjini na jingine la Ifakara, hayawezi kuwa na oili iliyochoka sawa. Wakala wenu huuliza hilo, au husoma namba ya dashibodi tu?

Tena kwa wenye gia za mkono: msidhani mjadala huu hauwahusu. Nimeona watu wakimimina oili ya difu, ile ya daraja la GL-5, katika giaboksi ambayo mwongozo wake unataka GL-4, kwa kuamini kwamba namba kubwa ni bora zaidi. Kemikali zake kali zinaweza kuzila pete za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia, na baada ya muda gia ya pili inaanza kugoma. Kijana aliyefanya hivyo kwenye gari la bosi wangu hakuwa chini ya mti. Alikuwa katika karakana kubwa yenye geti.

Mteja wa Wakala, Dar es Salaam:
Naona mti huu umewakera nyote. Nilikuwa nikieleza tofauti ya mazingira ya kazi, vumbi, taa, vifaa. Giaboksi ya otomatiki ina njia za oili nyembamba sana, na punje ya mchanga inatosha kuziba valvu. Kuna aliyenijibu hilo?

Fundi, Gerezani:
Ulisema kafara. Vumbi umelileta leo.

Muuza Spea, Arusha:
Nimewasoma tangu mwanzo na sijaona mtu akigusa jambo ninaloliona kila siku nikiwa kaunta. Mnagombana juu ya nani afungue kizibo, ilhali swali kubwa ni nini kinaingia baada ya kizibo kufunguliwa. Kuna watu hupita wakinunua makopo matupu ya oili kutoka gereji, hasa yale yenye mfuniko usioharibika, na hawayanunui kwa ajili ya kuhifadhia maharage. Oili ya aina hii ni ghali, kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa. Rangi nyekundu haikuthibitishii chochote, kwa kuwa rangi ni ya kutiwa. Chunguza mfuniko na karatasi ya ndani kabla ya kulipa, linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo na iliyo kwenye boksi lake, na ukimaliza kazi toboa makopo yako mwenyewe kabla ya kuyatupa.

Jambo jingine ni maandishi. General Motors iliacha kutoa leseni ya Dexron III, daraja lake la zamani la oili ya giaboksi za otomatiki, mwishoni mwa mwaka 2006, lakini makopo mapya yenye jina hilo yamejaa madukani mpaka leo, na hakuna anayeyakagua kwa niaba yake. Mteja anakuja na gari linalotaka WS, anaambiwa «hii inaingia kwenye gari lolote», anaondoka ameokoa fedha kidogo. Baada ya miezi gia zinaanza kushtuka, na lawama inamwangukia fundi.

Mpwani, Lamu:
Je, kuna ukweli kwamba giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili ukiibadilisha ndipo inapokufa? Mjomba wangu alikataa kata kata kubadilisha kwa sababu hiyo.

Mhandisi, Mombasa:
Mjomba ameona jambo la kweli na amelitafutia sababu isiyo yake. Watu wengi hukumbuka oili siku gia zimeshaanza kuteleza, yaani klachi zimeshakwisha. Oili mpya inaingia, giaboksi inakufa wiki ile ile, na lawama inabaki kwa oili. Ambayo haijaonyesha dalili yoyote, mwaga na ujaze kwa awamu kama nilivyoeleza. Ambayo tayari inateleza na oili yake inanuka kuungua, peleka ikapimwe kwanza, na hapo sitabishana na mtu atakayechagua wakala.

Mteja wa Wakala, Dar es Salaam:
Hatimaye tumefika mahali pamoja.

Mhandisi, Mombasa:
Tumefika kwa giaboksi mgonjwa. Ya ndugu wa Morogoro hajasema kwamba inaumwa.

Dereva wa Malori, Tunduma:
Na oili chafu mtaipeleka wapi? Wengi wenu mtaimwaga nyuma ya nyumba.

Fundi, Gerezani:
Mimi hukusanya katika pipa, na wapo wanaokuja kuinunua kwa ajili ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Mpwani, Lamu:
Hiyo ya nguzo nayo si njema. Nguzo zikisimama karibu na kisima, mvua huishusha ardhini, na sisi wa visiwani maji yetu ya kunywa hayako mbali na uso wa mchanga. Ikusanywe na ipelekwe kwa wanaoichakata. Nawaomba sana, hili msilichukulie kuwa dogo.

Mwenye Pikapu, Morogoro:
Nawashukuru nyote. Gia zangu hazitelezi wala hazishtuki, na nilipofungua kizibo kidogo asubuhi, tone lililotoka lilikuwa la kahawia iliyokoza lakini halinuki kuungua. Nimeazimia kuibadilisha kwa awamu tatu nyumbani. Swali langu sasa limehama: oili halisi ya WS nitaipata wapi, na yupo fundi atakayekubali kuja kusimama pembeni yangu katika awamu ya kwanza, mimi nikifungua na yeye akitazama?

Muuza Spea, Arusha:
Nunua dukani kwa wakala. Ndiyo, kwa wakala huyohuyo. Kaunta ya spea na karakana ni malipo mawili tofauti. Oili unaweza kuichukua na kuondoka nayo, na gasketi ya kizibo uichukue palepale.

Mteja wa Wakala, Dar es Salaam:
Na ikivuja, nani atajibu?

Fundi, Gerezani:
Mimi. Nina shemeji Kihonda, hapo Morogoro, ambaye huwa namtembelea mwisho wa mwezi, na nitapita kwa ndugu huyu. Masharti yangu ni kwamba makopo yasifunguliwe mpaka nifike, gari lisiwashwe tangu alfajiri ili oili iwe baridi, na chini ya gari pafagiliwe na kumwagiwa maji usiku uliotangulia. Mteja wa wakala naye, akipata nafasi, aje apime vumbi.