Jina la fundi chini ya tovuti ya mteja: linamshusha Google?

Kivu_Kodi (Goma)
Jambo wakubwa. Kwenye tovuti ninazotengeneza (hoteli, maduka, mashirika), chini ya kila ukurasa kuna maneno "Création site web Goma" (utengenezaji wa tovuti Goma) yenye kiungo cha kuja kwangu. Mteja wa hoteli ameambiwa kiungo hicho ndicho kinamzuia kuonekana Google, anataka kitoke leo. Kweli kinamdhuru? Na mimi kinanifaa kitu? Zote nimezijenga kwa WordPress, ya Kifaransa.

Dada_Seva (Lubumbashi)
Kaka, mteja hashuki kwa sababu ya kiungo kimoja cha wazi kinachokwenda kwa fundi wake. Kama hoteli haionekani kabisa, fungua Réglages (mipangilio), kisha Lecture (usomaji), uangalie kile kisanduku cha kuomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Huwekwa alama wakati wa ujenzi, kazi ikikabidhiwa kinasahaulika. Halafu angalia kama kurasa zina maandishi ya kutosha au ni picha tupu za vyumba, na kama wasifu wa hoteli kwenye Ramani za Google umethibitishwa. Hapo ndipo wateja wengi wa hoteli wanapopotelea.

Aliye hatarini ni wewe. Kanuni za Google dhidi ya barua taka zinataja waziwazi viungo vilivyotapakaa chini ya kurasa au kwenye templeti za tovuti nyingi. Na maneno yako si jina, ni tangazo: yaleyale, kila ukurasa, kila tovuti. Penguin, kichujio cha Google cha viungo vya hila, ilipotoka Aprili 2012, viungo vya aina hiyo viliweza kuishusha tovuti inayopokea. Tangu Septemba 2016 Penguin iko ndani ya mfumo mkuu, na kwa kawaida viungo hivyo havihesabiwi tu. Yaani unapamba tovuti za watu bure. Lakini adhabu ya mkono, inayotolewa na mkaguzi binadamu, bado ipo. Ingia Search Console ya tovuti yako (chombo cha Google cha wenye tovuti), sehemu ya "Actions manuelles", uone kama kuna ujumbe.

Fundi_Ibanda (Bukavu)
Naongezea namna ya kurekebisha. Badilisha maneno yawe jina la kazi yako tu, uweke nofollow (alama ya kuiambia Google isikihesabu kiungo):

`<a href="https://tovuti-yako" rel="nofollow">Réalisé par Jina Lako</a>`

Kiache ukurasa wa mwanzo peke yake: kwenye footer.php (faili la sehemu ya chini ya ukurasa) kizungushie sharti la `is_front_page()`. Fanya hivyo ndani ya mandhari-mtoto (thème enfant, nakala ndogo inayobeba mabadiliko yako), maana ukigusa mandhari yenyewe, sasisho likija linafuta kila kitu. Mandhari mpya za vizuizi (blocs) hazitumii footer.php, huko ingia Apparence (mwonekano), kisha Éditeur (kihariri), ufungue sehemu ya chini.

Usijaribu kukificha kwa `display:none` wala kuweka maandishi meupe juu ya meupe. Kiungo kilichofichwa ni kosa lingine kabisa, na hilo linahesabiwa juu ya tovuti ya mteja.

Mzee_wa_Kache (Goma)
Mimi sikubaliani sana na hofu ya nofollow kila mahali. Jina la kampuni, ukurasa mmoja, mteja ameridhia: hata bila nofollow sioni tatizo. Ila kama mkataba unamlazimisha mteja akiache kiungo bila kumpa nafasi ya kuweka nofollow, hilo pia limo kwenye orodha ya Google. Andikeni kwenye mkataba kwamba anaweza kukitoa wakati wowote.

Na kuna wanaosema nofollow inabakiza "nguvu", yaani thamani ambayo kurasa hupeana kwa viungo, ndani ya tovuti ya mteja. Google ilishaeleza mwaka 2009 kwamba sehemu ya kiungo chenye nofollow haigawiwi viungo vingine, inapotea. Msimuuzie mteja hoja hiyo.

Hatari ninayoiona mimi ni domeni (anwani ya tovuti) ya fundi kufa. Ya .com isipolipiwa, baada ya muda wa nyongeza inaingia siku 30 za kukombolewa, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote anainunua. Mara nyingi wanaonunua ni watu wa kamari, kwa sababu ya viungo vya zamani. Kesho yake hoteli, shule na parokia zote zinaelekeza kwenye kasino, na mwenye tovuti hana habari. Fundi akifunga kazi, atoe viungo kwanza, domeni iachwe baadaye.

Kivu_Kodi (Goma)
Aksanti sana. Kile kisanduku cha Lecture kweli kilikuwa na alama, nimekitoa. Na kwa tovuti za zamani ambazo sina tena nywila, nipeleke Google faili la kuvikana viungo, yaani kuiomba isivihesabu?

Dada_Seva (Lubumbashi)
Hapana, si kwa sasa. Faili hilo ni la mtu aliyepata adhabu ya mkono au anayeona inakuja, na ukikosea mstari mmoja wa `domain:` unakana na viungo vyako vizuri. Waandikie wenye tovuti, uwatumie mstari wa Fundi_Ibanda waupachike. Ya hoteli, weka anwani ya ukurasa wa mwanzo kwenye kisanduku cha juu cha Search Console, uombe iorodheshwe, kisha usubiri. Inaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki. Na kabla ya hapo safisha kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) ya programu-jalizi, la sivyo ukibonyeza Ctrl+U kuona msimbo wa ukurasa utaendelea kuona ile "Création site web Goma" ukidhani msimbo umekataa.