Sanamu ya Mwalimu Addis Ababa: ni heshima yetu au ni hisani ya watu?

Mwanamageuzi

Ndugu wanajamvi, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Februari 2024 ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika jijini Addis Ababa, penye jengo la Amani na Usalama ambalo nalo linaitwa kwa jina lake. Sanamu hiyo iligharamiwa na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, na si na Hazina yetu. Jengo lenyewe, kama kumbukumbu yangu iko sawa, tulijengewa na Wachina. Swali langu ni moja: je, inafaa kiongozi aliyelihubiria taifa zima kujitegemea aenziwe kwa mfuko wa mtu mwingine? Azimio la Arusha tulilokaririshwa shuleni lilisema wazi kwamba ni ujinga kuzifanya fedha za nje kuwa msingi wa maendeleo. Sisemi kwamba sanamu isingewekwa. Nauliza imekuwaje taifa la watu zaidi ya milioni 60 lingoje wengine wamkumbuke baba yake. Kama tatizo ni utaalamu, hilo ninalielewa, kwa sababu wachongaji wetu wamezoea vinyago vya kuwauzia watalii pale Mwenge na kazi ya shaba si fani yao.

Kada wa Zamani

Mwanangu Mwanamageuzi, maneno "mtu mwingine" ndiyo yaliyonikaa kooni. SADC ni mtu mwingine kwa nani? Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati ule, iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ilikuwa hapa mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa nchi zilizokuwa mstari wa mbele katika kupinga utawala wa Wazungu wachache kusini mpaka alipong'atuka mwaka 1985, na kutoka katika nchi hizo ndipo ilipozaliwa SADCC pale Lusaka mwaka 1980, ambayo leo mnaiita SADC. Msumbiji, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini zikichanga fedha kumjengea sanamu mtu aliyewapa wapiganaji wao makambi, chakula na hati za kusafiria, huo si ufadhili. Hilo ni deni, na mwenye kulipwa deni haombi radhi kwa kupokea. Nyinyi mliozaliwa baada ya mabadiliko ya vyama vingi mnadhani kila fedha inayovuka mpaka ni msaada, kwa kuwa ndiyo lugha pekee mliyoikuta.

Bint Maisara

Babu Kada, shikamoo. Kabla hatujaenda mbali, tuliweke sawa jambo la jengo. Wachina walijenga makao makuu yenyewe, lile ghorofa refu lililofunguliwa Januari 2012. Jengo la Amani na Usalama lenye jina la Mwalimu lilijengwa kwa fedha za Ujerumani na likafunguliwa mwaka 2016. Hapo ndipo penye kichekesho ambacho hakuna aliyekigusa. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, baada ya Mapinduzi yetu ya Zanzibar kuitambua na kisha Muungano kulirithi jambo hilo. Mwalimu akawajibu kwamba kama ni hivyo, wachukue na misaada yao mingine. Desemba ya mwaka uleule akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Leo jina la mtu huyo limebandikwa juu ya mlango uliolipiwa na Berlin. Mimi sina ugomvi na sanamu, ila ningependa kujua ni nani aliyeketi akaamua kwamba jengo la Wajerumani ndilo linalomfaa. Na kwa kuwa tunazungumzia waasisi, Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004 inawataja wawili, Mwalimu na Mzee Karume. Sijaona jamvi hata moja likilia kwamba Mzee Karume hana sanamu Addis.

Fundi Patasi

Nimesoma yote mpaka mwisho, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi ya mwisho ya mwenye mada. Kaka Mwanamageuzi, umesema wachongaji wetu wamezoea vinyago vya watalii na kazi ya shaba si fani yao. Ningeomba uniambie kwanza kama unajua sanamu ya shaba inavyotengenezwa, kwa sababu inaonekana unadhani mchongaji ndiye anayeyeyusha madini.

Mchongaji hufinyanga umbo kwa udongo, na hapo ndipo sura ya mtu inapopatikana au inapopotea. Baada ya hapo hutolewa kalibu, ndani ya kalibu hupakwa nta, nta hiyo hufunikwa kwa ganda linalostahimili moto, ikayeyushwa ikatoka, na pale ilipokuwa nta ndipo humiminwa shaba iliyochanganywa na bati, ikiwa na joto la nyuzi kama 1,100 hivi. Hatua hizo za mwisho ni kazi ya wasubu, watu wa tanuri, na duniani kote wachongaji wengi hupeleka kazi zao kwenye karakana za kusubu bila aibu yoyote. Sasa mtu anayeweza kulichukua gogo la mpingo na kutoa humo nguzo ya watu ishirini waliobebana, kila mmoja na uso wake, kama wanavyofanya Wamakonde katika ile mitindo ya ujamaa, atashindwaje kufinyanga udongo? Mpingo ukikata umekata, haurudi. Udongo ukikosea unabandika tena. Umeidharau kazi iliyo ngumu zaidi ukaisifu iliyo nyepesi, kisha ukaliita jambo hilo "utaalamu".

Mwanamageuzi

Fundi Patasi, sikumtukana mtu, na wala mada si Mwenge. Nilichosema ni kwamba hatujawekeza. Kuhusu jengo, awe ni Mchina au Mjerumani, hoja yangu inazidi kupata nguvu, kwa sababu aliyelipa si sisi. Naomba turudi kwenye swali.

Nakuru Kaskazini

Ndugu zangu wa Tanzania, niruhusuni jirani yenu niseme neno. Sisi tulipitia njia zote mbili. Sanamu ya Mzee Kenyatta iliyoketi mbele ya jumba la mikutano la KICC ni kazi ya Mwingereza James Butler, ya miaka ya sabini, na watu hupigia picha pale mpaka leo. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyozinduliwa mwaka 2007 ni ya shaba pia, na mchongaji wake ni Mkenya, Kevin Oduor. Kwa hiyo Fundi Patasi ana haki kabisa. Mkitaka, mafundi wa huku wanaweza kuwafundisha kazi kwa bei ya ujirani mwema.

Kada wa Zamani

Haya ndiyo mambo yanayonichosha. Nchi ambayo marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vya sheria mpaka mwaka 2003 inakuja kutufundisha jinsi ya kuwaenzi wapigania uhuru? Kimathi alinyongwa Februari 1957 akasubiri nusu karne kupata sanamu katika mji wake mkuu, na wakati wote huo Dar es Salaam ilikuwa inawalisha wapigania uhuru wa nchi nyingine. Bei ya ujirani mwema tunaijua, asante sana.

Nakuru Kaskazini

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini mimi nilizungumzia shaba, wewe umejibu kuhusu sheria. Kimathi alisubiri nusu karne, ni kweli na ni aibu yetu. Hata hivyo, alipopata sanamu, ilifinyangwa na mtu anayekula ugali uleule aliokula yeye. Je, ya Addis iliyotoka kwa fedha za SADC ilifinyangwa na nani? Nyinyi wenyewe hamkulijibu hilo.

Mtanzania Windhoek

Kwa kuwa swali la mchongaji limeulizwa, niseme ninachokiona huku niliko, maana Kusini mwa Afrika suala la sanamu za viongozi lina historia yake ndefu kuliko mnavyodhani. Sanamu ya Mzee Sam Nujoma, rais wa kwanza wa Namibia, iliyosimama mbele ya Makumbusho ya Uhuru jijini Windhoek, iliyozinduliwa mwaka 2014 akiwa bado hai, ilitengenezwa na kampuni ya Mansudae ya Korea Kaskazini. Sanamu kubwa ya Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, iliyowekwa Maputo mwaka 2011 ilitoka kwa watu haohao. Bei yao ilikuwa ndogo, kazi yao ya haraka, na mtindo wao unaujua ukiuona: mkono umenyooshwa, kifua mbele, mwili uleule kwa kila rais, kichwa ndicho kinachobadilika. Kama nakumbuka vizuri, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2016 lilipiga marufuku Korea Kaskazini kuuza sanamu nje, na ukifikiria kwamba Baraza lile lilikaa kujadili sanamu pamoja na makombora, utaelewa biashara hiyo ilikuwa na ukubwa gani.

Lakini kisa kinachowahusu zaidi ni cha Bulawayo. Mwaka 2010 serikali ya Zimbabwe ilisimamisha sanamu ya Joshua Nkomo, mpigania uhuru wa huko Matabeleland, iliyotoka kwa Wakorea hao. Familia ikalalamika, wananchi wa Matabeleland wakalalamika zaidi, kwa kuwa Korea Kaskazini ndiyo iliyoifunza Brigedi ya Tano ya jeshi la Zimbabwe iliyowaua watu wao miaka ya themanini. Sanamu ikashushwa, ikarudishwa mwishoni mwa 2013. Mnaona basi kwamba nani alilipa ni nusu tu ya swali. Pale serikali ndiyo iliyoagiza, na bado mkono uliotengeneza ulikuwa ni mkono ambao watu hawakuweza kuusamehe.

Bint Maisara

Ahsante kwa maelezo hayo, yana uzito. Mimi kinachonikera kwa ile ya Addis si mkono wa mtu yeyote, ni uso. Niliangalia picha za uzinduzi mara nyingi na sikumwona Mwalimu. Nilimwona mzee fulani mwenye heshima zake, aliyevaa kama yeye na kushika fimbo kama yeye.

Kada wa Zamani

Binti yangu, wewe ulimwona Mwalimu wapi? Mimi nilimwona kwa macho haya, nikiwa kijana wa TANU Youth League, na nasema ile sanamu inafanana. Inamwonyesha alivyokuwa mtu mzima, si yule kijana wa kwenye noti na stempu mnayemjua nyinyi.

Fundi Patasi

Hapa naomba niwaamue, kwa kuwa ni kazi yangu. Uso wa Mwalimu ni mgumu. Watu wanakumbuka kipaji kirefu, masharubu madogo na nywele nyeupe, na mchongaji yeyote anaweza kuvipata hivyo vitatu kutoka kwenye picha. Kilichomfanya awe yeye ni mdomo, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya Wazanaki, na alipocheka au alipokuwa anaanza kumkejeli mtu jukwaani mdomo ule ulikaa kwa namna isiyofanana na ya mtu mwingine. Sanamu ya kiserikali haicheki. Mwenye kulipa anataka uso wa kwenye ukuta wa ofisi, mchongaji anampa, halafu tunashangaa kwa nini mtu hayupo. Kwa hiyo babu Kada amemwona Mwalimu wa ofisini, dada anamtafuta wa jukwaani, na wote wawili wako sahihi.

Kada wa Zamani

Sikubaliani na wewe kwamba sote tuko sahihi, ila kuhusu meno umesema kweli.

Mjukuu wa Kongwa

Nimewasoma wote kwa subira, na sasa naomba niwaulize mnaogombania shaba. Kongwa, Dodoma, palikuwa na makambi ya vyama vya ukombozi vya kusini: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Makaburi ya wapigania uhuru yako hukohuko. Nachingwea ilikuwa ngome ya FRELIMO. Mazimbu, Morogoro, walipojenga shule yao ANC, angalau sasa pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa hiyo majengo yanatumika. Hizo jumuiya za kusini zinazolipa deni, kama anavyosema mzee Kada, kwa nini zililipie Addis, mahali ambapo wanapita mabalozi, na si Kongwa, mahali ambapo wanalala watu wao? Msinijibu kwamba vyote vinawezekana. Fedha ilikuwa moja na ilikwenda mahali pamoja.

Mtanzania Windhoek

Kwa sababu Addis tayari kulikuwa na sanamu ya Nkrumah tangu 2012 na ya Haile Selassie tangu 2019, na wakuu wa kusini hawakutaka mtu wao akosekane. Ni mashindano, ndugu yangu. Kaburi la Kongwa halishindani na mtu.

Mwanamageuzi

Naona mada imekwenda Bulawayo, Nairobi na mdomoni mwa Mwalimu, lakini Mjukuu wa Kongwa ameirudisha karibu na nilipoanzia. Basi nageuza swali liwe pendekezo. Watanzania tunachangia harusi kwa mamilioni, tunaunda kamati, tunapigiana simu usiku kukumbushana ahadi. Kwa nini tusichange wenyewe, elfu mojamoja, tukasimamisha kumbukumbu Kongwa, ifinyangwe na fundi wa hapa, bila SADC wala Berlin?

Fundi Patasi

Fundi wa hapa yupi? Yule wa vinyago vya watalii?

Kada wa Zamani

Wazo si baya. Nitachangia, ila niambiwe mapema nani atakayeshika daftari la michango, maana kamati za harusi ninazijua na daftari zake ninazijua.

Bint Maisara

Nami nitachangia kwa masharti mawili: Mzee Karume awemo katika kumbukumbu hiyohiyo, na daftari asilishike kada wa chama chochote, wa zamani wala wa sasa.