Petro na Yuda: tofauti iko wapi?

Mama Sambaza: Jambo wandugu. Nauza sambaza, wale samaki wadogo, Kadutu hapa Bukavu. Mwenzangu wa likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangishana pesa kwa zamu, tuliyekaa benchi moja kanisani, alibeba dola 200 zetu akazima simu. Sasa nawaza: Yuda alichukua vipande 30 vya fedha akamsaliti Yesu, Petro akamkana mara tatu. Mbona Petro tunamwita mtakatifu?

Papa wa Ibanda: Mama, pole. Wanafunzi wote walikimbia Yesu alipokamatwa; Marko anataja hata kijana aliyeacha shuka lake akatoroka uchi! Yuda alizirudisha zile 30, lakini kwa makuhani, nao wakamwambia shauri yako. Akaenda kujinyonga. Petro alikana akiota moto wa makaa. Yohana anasema baada ya kufufuka, kando ya ziwa, Yesu alikuwa na moto wa makaa vilevile, akamuuliza mara tatu: wanipenda? Mimi moto huo unanigusa kuliko mahubiri yote.

Mkimbizi wa 96: Hapa Bukavu tusimsahau Askofu Munzihirwa. Sisi tulikimbia vita, yeye akabaki, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Ni kama Yesu anavyosema katika Yohana 10:18: hakuna anayeniondolea uhai wangu, nautoa mwenyewe.

Mama Sambaza: Aksanti papa. Ila Yuda alirudisha zote 30. Huyu wangu hata dola moja, bado.